Nywele za Kapteni Radi

Austine alipovua kofia, Rispa alifunga daftari lake. Alilifunga polepole, jinsi mtu anavyofunga dirisha akiona mvua imeshaingia ndani.

"Austine."

"Naam, dada."

"Nywele ziko wapi?"

Austine alijipapasa kichwa kama vile naye ndiyo kwanza anapata habari. Kichwa chenyewe kilikuwa kimenyolewa, kikapakwa mafuta, kikapigwa na jua la Kehancha la saa mbili asubuhi, na sasa kilikuwa kinang'aa kushinda kitu chochote walichowahi kukitengeneza kwa ajili ya kipindi hiki, pamoja na zile nyota za karatasi ya kufungia chokoleti.

"Si nilikwambia naenda kuzika babu," alisema.

"Uliniambia unaenda kuzika babu. Hukuniambia unaenda kuzika na nywele."

Hapa inafaa ijulikane kwamba kazi ya Rispa ilikuwa kukumbuka. Kipindi kiliitwa *Ng'ambo ya Jua*, kilihusu watu wa Kenya waliofika sayari nyingine bila kutarajia, na kama vipindi vyote kilipigwa picha vipande vipande, mwisho ukitangulia mwanzo. Kapteni Radi, aliyeigizwa na Austine, akishika kikombe kwa mkono wa kushoto Jumanne mjini Homa Bay, ilikuwa kazi ya Rispa kuhakikisha kwamba Ijumaa ya wiki nyingine, huku Kehancha, bado amekishika kwa mkono wa kushoto, hata kama kikombe kilivunjika Jumatano na mwenyewe amesahau kama aliwahi kunywa kitu. Kazi hiyo inaitwa mwendelezo. Haina sifa. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua ulikuwepo. Ukikosea mara moja nchi nzima inakucheka kwenye simu.

Na chombo chao cha anga kilihitaji kukumbukwa kuliko vikombe vyote. Upande wa nje kilikuwa mlango wa mbao uliopakwa rangi ya fedha, ukasimikwa kwenye mawe karibu na ziwa, Homa Bay. Upande wa ndani kilikuwa banda la kukaushia tumbaku la mzee Mniko, nje kidogo ya Kehancha, kwa sababu hakuna mahali pengine Migori nzima palipokuwa na mabomba makubwa ya bati yanayozunguka sakafuni, kuta ndefu zisizo na madirisha, na ngazi ya mbao inayopotelea juu gizani. Mtazamaji angemwona Kapteni Radi akipanda mawe, mlango ukifunguka, akiingia. Asingejua kwamba kati ya mguu uliobaki nje na mguu ulioingia ndani kulikuwa na kaunti mbili, siku tisa na matanga ya mtu wa Rangwe.

Nje, Kapteni alikuwa na nywele za mviringo zenye ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu kumi. Rispa alikuwa na picha zake kumi na moja. Ndani, sasa, alikuwa na kipara.

Mwongozaji, Ondieki, aliingia akiwa na chai mkononi. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia isiyovuliwa na mazoea ya kurudia kila kitu. Hata mwigizaji akifanya vizuri mpaka watu wapige makofi, Ondieki angesema, "Safi sana. Turudie moja kwa usalama." Alimwangalia Austine. Akamwangalia Rispa. Akaiweka chai juu ya bomba.

"Nani alimruhusu kwenda?"

"Mimi," Rispa alisema.

"Na wewe ni mtu wa wapi?"

"Rangwe."

"Rangwe! Mimi Mkisii naweza kusamehewa. Lakini wewe, wa hukohuko, unamruhusu mjukuu wa kwanza aende akazike babu yake halafu unategemea arudi na nywele?"

Rispa alijua vizuri kwamba kwao mtu akizikwa, wa karibu wananyolewa. Lakini siku hizi vijana wengi hukatwa kinywele kimoja tu karibu na sikio, wazee wakaridhika, maisha yakaendelea. Alikuwa amehesabu kinywele kimoja. Alikuwa hata ameacha nafasi ya kinywele kimoja kwenye daftari.

"Hata mimi niliwaambia wanikate kidogo tu," Austine alijitetea. "Lakini waya Priscah akasema hapana. Waya ndiye shangazi mkubwa pale kwetu. Akasema huyu ndiye wa kwanza, huyu ndiye anaonekana kwa televisheni, huyu akinyolewa kama mtoto wa town watu watasema tumemzika mzee nusu nusu. Akaniketisha. Yeye mwenyewe akashika wembe. Dada, watu walikuwa mia tatu. Ungeanza wapi kumweleza waya habari ya mwendelezo?"

Ondieki alikaa juu ya ngazi ya chombo. Ngazi ikalia.

"Sikilizeni," alisema. "Kituo kinataka kipindi Jumatatu. Mzee Mniko anawasha moto hapa kesho asubuhi. Mlango wa nje tumeshaubomoa, mbao zake ndizo hii meza ya usukani. Hatuwezi kurudi Homa Bay. Kwa hivyo leo, kabla jua halijazama, kichwa cha nje na kichwa cha ndani viwe kitu kimoja. Visipokuwa, Rispa, chukua boda mpaka stendi, nami nitatafuta mtu anayekumbuka."

Rispa alikuwa amekaa miaka minne kwenye seti za watu wengine akichemsha chai na kushikilia miavuli. Huu ulikuwa mwaka wake wa kwanza kupewa daftari. Alikuwa tayari amempigia mama yake simu kumwonya asizime televisheni wimbo wa mwisho ukianza, kwa sababu jina la bintiye lingepita hapo chini, maandishi madogo, haraka, lakini lingepita.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

Wazo la kwanza lilikuwa la Liz, fundi wa mavazi, ambaye ndiye aliyekuwa ameshona suti ya Kapteni kwa turubai la lori. "Tutengeneze wigi. Lakini nywele zenyewe zinafaa ziwe zake. Austine, huko nyumbani walizitupa wapi?"

"Sijui. Muulizeni waya."

Wakampigia. Rispa akaiweka simu kwenye sauti kubwa.

"Waya, habari ya asubuhi. Ni Rispa, nafanya kazi na Austine. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa, nyathina, mwanangu. Anakula?"

"Anakula. Waya, samahani, tulikuwa tunauliza. Zile nywele zake mlizomnyoa, ziko wapi?"

Kuku mmoja alisikika Rangwe.

"Wewe ni nani umesema?"

"Rispa, waya. Wa kazini."

"Rispa mtoto wa nani?"

"Waya, ni kwa ajili ya kipindi tu…"

"Unataka nywele za msiba za mtoto wangu. Kwa kazi. Kazi gani hiyo inatumia nywele za watu? Austine! Austine, uko hapo? Toka hapo kwa hao watu! Toka sasa hivi! Usikunywe chai yao!"

Austine, aliyekuwa amejaza mdomo chai, aliimeza kwa shida. Ilichukua robo saa kumtuliza waya, na hata baada ya hapo alikubali kusema mambo mawili tu, kwamba nywele zilikwisha kuchomwa, na kwamba angepiga tena saa sita kuhakikisha mtoto yuko hai.

Liz akatengeneza wigi kwa nyuzi nyeusi za sweta. Kwa macho ya kawaida lilipendeza. Kwenye kamera ya mpiga picha wao, Javan, lilionekana kama Kapteni Radi ametagiwa na ndege. Wakalichambua, wakalipulizia maji, wakalipaka grisi. Jenereta lilikuwa linanguruma nje kuwasha taa, taa zilikuwa zinachoma, na grisi ikaanza kuteremka kwenye uso wa Kapteni katika mstari mmoja mweusi mpaka kidevuni.

"Safi," Ondieki alisema kwa mazoea, kisha akasikia alichosema. "Hapana. Si safi hata kidogo. Toeni."

Wazo la pili likawa helmeti. Kila mtu alishangaa kwa nini hawakuanza nalo. Waliazima ya mwendesha boda, wakaibandika kioo cha plastiki na kuipaka fedha. Austine akaivaa, akaingia kwenye chombo kwa hatua za kishujaa, akapumua mara mbili, na kioo kikawa cheupe kwa mvuke. Akagonga bomba la kwanza kwa goti. Akasema maneno yake yote, ukurasa mzima, na kilichosikika nje ni kama mtu anayeomba msaada ndani ya tangi la maji.

"Ametusalimia au amekufa?" Javan aliuliza kutoka nyuma ya kamera.

"Rudia kwa usalama," Ondieki alisema, kisha akavua miwani yake na kujikanda macho.

Ilikuwa imefika saa saba. Nje ya banda, mke wa mzee Mniko na majirani wanne walikuwa wameketi kwenye magunia wakifunga majani mabichi ya tumbaku kwenye fito, tayari kwa kesho. Fito zilizokwisha kufungwa ziliegemezwa kwenye ukuta wa chombo cha anga. Harufu ilipenya kila mahali. Suti ya Kapteni ilinuka tumbaku, skripti ilinuka tumbaku, na chai ya Ondieki haikuwa na ladha nyingine.

Mzee Mniko mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni tangu helmeti, mikono nyuma, akiangalia kama mtu anayetazama ng'ombe wa jirani akikwama kwenye matope.

"Nyinyi watu," alisema, "shida yenu hasa ni nini?"

Rispa, ambaye hakuwa na nguvu ya kubishana na mtu mwingine siku hiyo, akamweleza. Nje ana nywele. Ndani hana. Mtu hawezi kuingia mlangoni na nywele akatokea ndani bila nywele.

"Kwa nini hawezi?"

"Kwa sababu ni mlango tu, mzee. Nani amemnyoa?"

"Kwani hiyo ndege ni ya nani?"

"Ya watu wa sayari nyingine. Ameikuta tu, anaingia mara ya kwanza."

Mzee Mniko alicheka kwa pua. "Mimi nikinunua ng'ombe ng'ambo ya mpaka, simwingizi zizini vilevile. Nampitisha kwenye josho kwanza, apigwe dawa, kupe wote waanguke, ndipo aonane na wangu. Sasa watu wa mbinguni ni wajinga kuliko mimi? Mgeni anakuja na kichaka namna ile kichwani, na wao wamwache aingie nacho tu?"

Javan aliinua uso kutoka kwenye kamera. Ondieki aliinuka polepole kwenye ngazi.

"Josho," alisema.

"Mlango unamnyoa," Rispa alisema. Alikuwa amelifungua daftari tena, na kalamu ilikuwa inakimbia. "Anaingia, mlango unafunga nyuma yake, giza, mkono wa chombo unatoka ukutani unamnyoa. Tunamwona kutoka nyuma, nywele zinaanguka. Kisha anageuka. Hapo ndipo Austine. Hatubadilishi kitu kingine chochote."

"Hiyo ni nzuri kuliko ilivyoandikwa," Ondieki alisema, na kwa mtu aliyeiandika mwenyewe hilo lilikuwa ungamo kubwa. "Ni nzuri sana. Leteni kinyozi! Liz, glavu za fedha! Tunachohitaji tu ni…"

Wote walikuwa wamefikia jambo moja kwa pamoja: ili nywele zianguke, lazima ziwepo kwanza. Ondieki alikuwa na kofia, na chini ya kofia, kila mtu alijua, hakukuwa na biashara. Javan alikuwa na upara wa kurithi. Liz alikuwa na misuko mirefu myekundu aliyokaa nayo saluni siku nzima, na alikwisha kurudi hatua mbili nyuma.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Rispa.

Nywele za Rispa zilikuwa nyeusi, za mviringo, zenye ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu kumi.

"Hapana," alisema.

"Dada," Austine alianza.

"Wewe usiniite dada leo."

"Mabega yenu yanalingana," Javan alisema kwa upole, akifumba jicho moja. "Kutoka nyuma ni yeye kabisa."

Rispa alikuwa amenyolewa mara moja tu ukubwani, alipozikwa baba yake, miaka sita iliyopita. Tangu siku ile hakuruhusu hata mkasi. Alikuwa anaziosha Jumapili, anazichana kwa dakika arobaini, na watu wakimuuliza alisema ni uvivu wa kwenda saluni. Na kulikuwa na jambo la pili. Kwao mwanamke hanyoi kipara bila sababu. Ukionekana hivyo unakuja njiani, watu huanza kulia kabla hujafika, kisha ndipo huuliza nani.

Aliangalia daftari. Ukurasa wa wiki ile, kwa mwandiko wake mwenyewe: *Austine, ruhusa siku sita. Nywele: kinywele kimoja, labda.* Kama ingekuwa kosa la Austine angekataa. Kama ingekuwa la waya angekataa na kuongeza maneno.

"Kinyozi awe safi," alisema. "Na anioneshe mashine kwanza."

Kinyozi aliitwa Boaz, alitoka sokoni Kehancha na mashine ndani ya kiboksi cha sabuni. Liz akaifunga mashine kwa karatasi ya fedha na kumvisha Boaz glavu za kuoshea vyombo zilizopakwa rangi, mpaka kwenye kiwiko. Boaz alikubali yote bila swali. Rispa akavaa suti ya Kapteni, ikakunjwa mikono mara mbili, akaketi kwenye kigoda, kisogo kwa kamera.

"Hii kitu hairudiwi," Javan alisema. "Mnajua hivyo."

"Tunajua," Rispa alisema. "Kwa hivyo bonyeza, halafu bonyeza tena uhakikishe umebonyeza. Nataka kuona ile taa nyekundu."

Javan akaigeuza kamera akamwonyesha ile taa.

"Ekshen," Ondieki alisema kwa sauti ya kanisani.

Mashine ikanguruma. Fungu la kwanza lilimwangukia Rispa begani, zito kuliko alivyofikiri, likateleza kwenye turubai. La pili. Hewa ikamgusa mahali ambapo haikuwa imemgusa kwa miaka sita. Aliangalia ukuta wa banda, matofali, masizi ya mavuno ya zamani, akaanza kuyahesabu. Upande wa kulia ukaisha. Mkono wa fedha ukavuka utosi.

Jenereta likakohoa mara tatu. Taa zikazima. Mashine ikafa.

Ndani ya giza, Ondieki alisema neno la Kikisii ambalo hakuna aliyeomba tafsiri.

"Petroli," Javan alisema. "Tuliimaliza kwa wigi."

"Hakuna mtu kusogea!" Sauti ya Rispa ilitoka kwenye kigoda, nayo ilikuwa sauti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. "Boaz, mkono wako uko juu ya sikio la kushoto, vidole viwili kutoka ukingoni. Usiuteremshe. Javan, kamera usiiguse. Liz, washa taa ya simu, chora chaki kuzunguka miguu ya Boaz na ya kigoda. Fungu refu limelala kwenye bega la kulia, ncha inaangalia mlango. Akipita mtu karibu nalo nitamuua. Austine, wewe una miguu, chukua boda ukalete petroli. Kimbia kama umeona waya."

Austine akakimbia.

Alichukua dakika arobaini. Muda wote huo Rispa alikaa kwenye kigoda cha sayari nyingine, nusu ya kichwa ikiwa Kapteni na nusu ikiwa msiba, bila kugeuza shingo. Boaz walimwekea ufito wa tumbaku chini ya kiwiko imsaidie kubeba mkono. Wale wanawake wa nje walikuja mlangoni wakachungulia kwa zamu.

"Amefiwa na nani?" mmoja aliuliza.

"Hajafiwa," mzee Mniko akajibu. "Anaoshwa kupe."

Rispa alitaka kucheka, akakumbuka lile fungu begani, akazuia pumzi mpaka machozi yakamtoka. Ondieki aliyaona machozi, akayaelewa vibaya, akavua kofia yake. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Petroli ikaja. Taa zikawaka. Rispa akauliza chaki, akauliza mkono, akauliza fungu, akajibiwa yote, ndipo akasema, "Sasa." Mashine ikaendelea pale ilipoachia. Fungu la mwisho likaanguka. Rispa akateleza kutoka kwenye kigoda, suti ikabadilishwa mwili kwa haraka ya zimamoto, Austine akaketi kwenye miguu ileile ya chaki, kipara kwa kipara, akageuka taratibu, taa ikampiga usoni.

"Haya," Kapteni Radi akasema kwa chombo kizima. "Nimeoshwa. Naomba kuingia."

Maneno hayo hayakuwa kwenye skripti. Wakatazama kwenye kioo kidogo cha kamera, vichwa vitano vimebanana: kisogo cha nywele, mkono wa fedha, mafungu yakianguka, giza, uso. Haikuonekana ilipokatika. Hata Rispa, aliyejua, alitafuta hakuiona.

"Safi," Ondieki alisema. "Safi sana, sana. Turudie moja kwa…"

Akamwona Rispa anamtazama.

"Basi," akasema. "Inatosha. Rispa, Jumatatu saa moja tuko Kisegi kwa sehemu inayofuata, kijiji cha wavuvi wa anga. Uje na daftari."

Mzee Mniko hakungoja waage. Kabla hata nyaya hazijakunjwa alikuwa anaingiza fito za kwanza na kuzipandisha juu, na usukani wa chombo ukafunikwa na majani mabichi. Rispa alipiga magoti chini yake akiokota nywele zake sakafuni. Alijiambia ni usafi tu. Lakini aliziokota zote, hata zile zilizoingia chini ya mabomba, hata zilizonasa kwenye viatu vya Javan, akazitia kwenye bahasha ya picha za mwendelezo, akaifunga kwa gundi. Liz alikuwa anamwangalia.

"Zile zote," Liz alisema polepole. "Kwani asubuhi hatungezikata tukamshonea Austine wigi?"

Rispa aliibonyeza bahasha mpaka gundi ikashika.

"Liz," alisema. "Hilo swali usiniulize tena maisha yako yote."

Akatoka nje, akasimama kando ya banda ambako moshi wa kujaribu tanuri ulikuwa umeanza, akampigia mama yake kabla mtu mwingine hajamwona na kufikisha habari Rangwe.

"Mama, nisikilize kwanza. Nakuja kesho. Kabla hujaniona, ujue hakuna aliyekufa."

"Yaye! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Nimenyolewa. Ni kazi."

Mama yake alivuta pumzi ndefu, na Rispa akajiandaa kwa lolote.

"Nywele ziko wapi?"

"Nimeziokota zote. Ziko kwa bahasha."

"Umefanya vizuri. Zilete." Kisha, baada ya kufikiri: "Na huyo bosi wako? Yeye naye amenyolewa?"

Rispa aligeuka. Kwenye mlango wa banda Ondieki alikuwa anabishana na mzee Mniko, akimwomba dakika tano tu, moja ya mwisho, ya mabomba matupu, kwa usalama. Mzee Mniko alikuwa anapandisha fito.

"Bado, mama," alisema. "Lakini yuko mlangoni."